Noti za China za Wakati wa Vita: Kuzikusanya na Kuzitumia Darasani

Mwalimu mwanafunzi akiulizwa ataje zana za kufundishia, aghalabu hutaja chati, ramani, vijiti na vizibo vya kuhesabia. Vyote hivyo huandaliwa na mwalimu kwa makusudi ya somo. Zipo zana za namna nyingine, ambazo hazikutengenezwa kwa ajili ya darasa hata kidogo, bali zilitumiwa na watu katika maisha yao, kisha zikatufikia. Noti ya zamani ni mojawapo. Ilitoka benki, ikapita sokoni, ikakunjwa mfukoni, ikafichwa sandukuni, na mwishowe ikakataliwa na kila mtu. Makala haya yahusu noti zilizotolewa nchini China kati ya 1937 na 1949, yaani tangu majeshi ya Japani yalipoanza vita kamili dhidi ya nchi hiyo hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyofuata.

Huenda msomaji akauliza kwa nini twende mbali kiasi hicho. Sababu ya kwanza ni ya mfukoni. Noti nyingi za kipindi hicho zilichapwa kwa wingi mno, hivyo zile za kawaida hupatikana hata leo kwa bei ndogo, na chuo chaweza kujipatia kumi au kumi na tano bila kujitia hasara. Sababu ya pili ni kwamba katika nchi moja, kwa wakati mmoja, zilitumika fedha za tawala tatu au nne zilizokuwa zikipigana. Mtoto anaweza kuiona vita ikiwa imelala mezani pake, bila bunduki. Sababu ya tatu tuliijua baada ya kukosea, na kosa hilo tutalieleza kwanza.

Somo lililoharibika

Mara ya kwanza tulipozitumia noti hizi katika somo la mfano, mbele ya wanafunzi wa darasa la sita na wanachuo wa mwaka wa pili waliokuja kutazama, tulianza na noti yenye namba kubwa kuliko zote tulizokuwa nazo wakati ule, ya yuan 500,000 ya mwaka 1949. Tuliipitisha mikononi mwao pamoja na nyingine za 100,000 na 50,000. Darasa likachangamka. Wakajumlisha, wakajiita matajiri, mmoja akasimama na kuagiza gari. Nasi tulicheka pamoja nao. Wanachuo waliandika katika daftari zao kwamba wanafunzi walishiriki kwa furaha, na kweli walishiriki.

Kipindi kilipokwisha msichana mmoja aliyeketi dawati la nyuma alikuja mezani kurudisha noti aliyokuwa nayo. Akasema, "Mwalimu, bibi anazo za namna hii kwenye sanduku. Za Zaire. Hapendi tuzicheke."

Tulimshukuru, tukabaki na noti zetu mezani. Dakika arobaini zilikuwa zimepita na darasa lilikuwa limejifunza jambo moja tu, kwamba watu fulani wa mbali waliwahi kuwa na pesa za kuchekesha. Hatukuwa tumewaambia kwamba kila kipande cha karatasi ile kilikuwa mshahara wa mtu, au bei ya ng'ombe wake, au akiba ya mazishi. Zana ilikuwa nzuri, nasi tukaitumia kama kichekesho. Yanayofuata ni matokeo ya kuliandaa somo hilo upya.

Mambo ya kujua kabla ya kuingia darasani

Hadi mwaka 1935 China ilitegemea sarafu za fedha, yaani ile madini nyeupe. Kiswahili chatusaidia hapa, kwa kuwa neno "fedha" ni jina la madini na pia ni jina la pesa kwa jumla. Mwanafunzi wetu huelewa haraka kwamba kulikuwa na wakati ambapo vitu hivyo viwili vilikuwa kitu kimoja. Mwaka 1934 Marekani ilipitisha sheria ya kununua madini hayo kwa wingi, bei yake ikapanda duniani, na sarafu za China zikaanza kutoka nje ya nchi kama maji kwenye mtungi uliopasuka. Biashara zikadorora. Tarehe 4 Novemba 1935 serikali iliyokuwa Nanjing ikaamua kuachana na madini. Ikatangaza kuwa noti za benki tatu tu ndizo fedha halali: Benki Kuu ya China, Benki ya China, na Benki ya Mawasiliano. Benki ya Wakulima ya China iliongezwa mwaka 1936. Noti hizo ziliitwa fabi, maana yake fedha ya kisheria.

Kwa muda mfupi mambo yalikwenda vizuri. Kabla ya vita dola moja ya Marekani ilibadilishwa kwa yuan zaidi kidogo ya 3. Ndipo Julai 1937 vita vikaanza. Katika muda usiozidi mwaka mmoja na nusu serikali ilipoteza Shanghai, Nanjing, Guangzhou na Wuhan, ikahamia Chongqing, ndani kabisa ya nchi. Pamoja na miji hiyo ulikwenda ushuru wa forodha, kodi ya chumvi na kodi za viwanda, yaani sehemu kubwa ya mapato yake; wakati huohuo ilikuwa na jeshi la kulisha. Ikachapa noti. Katikati ya 1937 fabi zilizokuwa mikononi mwa watu zilikuwa kama yuan milioni 1,400. Mwisho wa 1945 zilikuwa zaidi ya yuan milioni 1,000,000. Mwanafunzi wa darasa la sita aweza kugawanya mwenyewe na kuona kwamba ziliongezeka zaidi ya mara 700, na ilhali mpunga haukuongezeka.

Nyingi za noti hizo hazikuchapwa China. Mkusanyaji atazikuta zina majina ya wachapaji kwa herufi ndogo chini ya picha: Waterlow na De La Rue wa London, au American Bank Note Company ya New York. Baada ya Japani kuiteka Burma mwaka 1942 na barabara ya kwenda China kufungwa, karibu kila kitu kutoka nje kilipitishwa kwa ndege juu ya milima kutoka India. Ndege zilikuwa chache, na petroli, dawa na silaha vilikuwa vikisubiri. Hata hivyo sehemu ya mzigo ilikuwa masanduku ya noti. Twaona jambo hili lafaa kusimuliwa darasani taratibu, kwani lafundisha kuhusu mfumuko wa bei kuliko tafsiri yoyote ya kitabu.

Kuisoma noti

Hapa ndipo penye utajiri mkubwa, na mwalimu asipafanyie haraka. Twashauri kuanza na noti moja tu, ile ya yuan 1 ya Benki Kuu ya China ya mwaka 1936, yenye picha ya Sun Yat-sen, mwanzilishi wa jamhuri.

Kwanza tarehe. Kichina cha wakati huo kilipoandikwa kwa mlalo kilisomwa kutoka kulia kwenda kushoto, na miaka ilihesabiwa tangu kuanzishwa kwa jamhuri, mwaka 1912 ukiwa mwaka wa kwanza. Ili kupata mwaka wetu, mwanafunzi hujumlisha 1911. Tarakimu tatu za mwaka katika noti hii ni rahisi kuchora ubaoni: mbili ni mistari miwili ya kulala, kumi ni kama alama ya kujumlisha, na tano ina umbo lake. Mbili, kumi, tano: makumi mawili na tano, yaani mwaka wa 25. Jumlisha 1911, upate 1936.

Mwanafunzi atakayesoma kutoka kushoto, kama alivyozoea, atapata tano, kumi, mbili, yaani 52, na akijumlisha atapata 1963. Msimsahihishe upesi. Mwulizeni kama noti ya serikali iliyokimbia bara mwaka 1949 ingeweza kuchapwa huko 1963. Atarudi mwenyewe kwenye noti na kugundua upande aliopaswa kuanzia. Katika masomo yetu ya mfano kosa hili limetokea kila mara, nasi tumeanza kulingojea kwa hamu.

Pili thamani. Katika tarehe tarakimu ni zile za kawaida, lakini penye thamani ya noti utakuta alama nyingine zenye mistari mingi iliyosongamana. Moja ya kawaida ni mstari mmoja tu wa kulala. Ukiongeza mwingine imekuwa mbili, na ukiukatiza kwa wima imekuwa kumi. Mwizi angehitaji kalamu tu. Kwa hiyo katika hati za fedha Wachina walitumia, na hata leo hutumia, tarakimu ngumu zisizoongezeka kwa urahisi. Wanafunzi waulizwe sisi huzuiaje udanganyifu huohuo katika stakabadhi, nao watakumbuka kwamba kiasi huandikwa kwa tarakimu na kwa maneno.

Tatu, na hili ndilo gumu, mwanafunzi ajifunze kutoiamini noti kwa kila isemalo. Zipo noti nyembamba za kusimama wima, ziitwazo za vipimo vya dhahabu vya forodha. Zina tarehe ya 1930, na msichana au mvulana mwenye bidii atazipanga kabla ya fabi. Tarehe yenyewe ni ya kweli, kwa maana kipimo hicho kilianzishwa mwaka huo kwa ajili ya kulipia ushuru bandarini. Lakini zilimwagwa mitaani mwaka 1942, kila kimoja kikihesabiwa kuwa fabi 20, kwa sababu serikali ilihitaji noti za thamani kubwa zaidi. Noti haikudanganya, wala haikusema yote. Mwalimu wa historia atakayefaulu kuliweka wazo hilo kichwani mwa mtoto wa miaka kumi na miwili amefanya kazi ya mwaka mzima.

Fedha za mvamizi

Katika sehemu walizoziteka, Wajapani hawakuridhika kuwa na bunduki; walitaka na pesa iwe yao. Manchuria ilikuwa na benki yake tangu 1932. Beijing ilianzishiwa benki mwezi Machi 1938, na Nanjing, chini ya serikali ya kibaraka ya Wang Jingwei, ilipata Benki Kuu ya Akiba iliyofunguliwa Januari 1941. Hizi mbili za mwisho zilikusudiwa kuifukuza fabi. Mwaka 1942 wakazi wa Shanghai na maeneo ya jirani walilazimishwa kubadilisha fabi 2 kwa yuan 1 ya Nanjing. Vita vilipokwisha serikali ya Chongqing ilirudi na kuamuru kinyume chake: yuan 200 za Nanjing kwa fabi 1. Mzee aliyetii amri zote mbili, akiwa na fabi 400 za akiba, alipewa kwanza 200, kisha 1. Hiyo ni hesabu ya kuandika ubaoni bila kuongeza neno.

Wekeni noti ya Nanjing kando ya ile ya Benki Kuu ya Chongqing na waulize wanafunzi ni ipi ya mvamizi. Hawataweza kujua kwa picha, kwani zote mbili zina Sun Yat-sen; ile ya Nanjing huonyesha pia kaburi lake. Kila upande ulidai kuwa mrithi wake. Hapo huzuka mazungumzo mazuri juu ya nani anaruhusiwa kutumia sura ya marehemu.

Wakusanyaji husimulia pia kwamba wachongaji wa Kichina waliolazimishwa kufanya kazi hiyo walificha matusi na ishara katika noti za vibaraka: kasa aliyejibanza katika urembo, herufi ndogo za kuashiria kuja kwa jeshi la Marekani, na katika noti ya Beijing yenye picha ya Confucius, mkono uliowekwa kwa namna isiyo ya adabu. Masimulizi haya hupendwa sana na vijana. Yatumieni, lakini kama masimulizi. Wapeni kioo cha kukuzia, waone wenyewe kilichopo, kisha waulizwe kama kilichopo kinathibitisha nia ya mchongaji.

Noti za jeshi la Japani zilizotumika Hong Kong tangu Desemba 1941 hadi Agosti 1945 zastahili kutajwa peke yake. Watu walishurutishwa kutoa dola zao za Hong Kong, mwanzoni 2 na tangu Julai 1942 dola 4, kwa yen 1 ya jeshi. Baada ya vita noti hizo zilitangazwa kuwa hazina thamani. Wenyeji wengi walizitunza. Mwaka 1968 waliunda chama cha kudai, wakafikisha shauri Tokyo, na mwaka 1999 mahakama ya huko ikawakatalia. Mkusanyaji anayeinunua noti ya namna hiyo na aikumbuke sifa yake: kwa baadhi ya familia si kumbukumbu, ni deni.

Hapa tuingize tahadhari ndogo kwa walimu wa Afrika Mashariki. Wapo wanafunzi ambao mababu zao walipigana Burma mwaka 1944 katika kikosi cha King's African Rifles, na pengine noti ya Kijapani imebaki nyumbani. Ikiwa imeandikwa kwa Kiingereza na thamani yake ni rupia, ni ya Burma, wala si ya China. Isichanganywe na nyingine, na irudishwe kwa mwenyewe.

Noti za vijijini

Nyuma ya mistari ya Wajapani, katika milima na vijiji vya kaskazini, Wakomunisti walikuwa na maeneo yao na benki zao. Noti zao ni za karatasi duni, rangi zimepauka, mistari imetetereka, kwa kuwa zilichapwa kwa mitambo midogo iliyohamishwa mara kwa mara. Mwanafunzi atadhani ndizo zilizokuwa dhaifu kuliko zote. Mkoani Shandong, Benki ya Beihai, iliyokuwa ikishauriwa na mwanauchumi Xue Muqiao, haikuwa na dhahabu wala dola. Iliweka ghalani nafaka, pamba, chumvi na mafuta ya karanga. Bei zikipanda, iliuza bidhaa na kuzivuta noti. Bei zikishuka, ilinunua. Karatasi nzuri ya London ilianguka kwa kasi kuliko karatasi mbovu ya kijijini yenye ghala nyuma yake. Benki hiyo na nyingine mbili ziliunganishwa tarehe 1 Desemba 1948 kuwa Benki ya Watu wa China, ambayo fedha yake ndiyo itumikayo huko hadi leo.

Noti za vijijini ni adimu, ni ghali, na kwa sababu hiyo huigizwa mno. Anayeanza aziache.

Noti ilinunua nini?

Bila swali hili somo lote hugeuka mchezo wa sifuri. Ipo orodha maarufu iliyosambazwa na magazeti mwaka 1947 kuhusu fabi 100. Mwaka 1937 ziliweza kununua ng'ombe wawili, 1941 nguruwe mmoja, 1943 kuku, 1945 samaki, 1946 yai, na 1947 theluthi moja ya kiberiti. Matoleo ya orodha hii hutofautiana kidogo, na mwalimu awaeleze wanafunzi hivyo, kwani ni picha ya mwendo wa mambo kuliko takwimu ya soko fulani.

Walioumia zaidi walikuwa watu wa mshahara, na miongoni mwao walimu. Mkulima alikuwa na mpunga wake na mfanyabiashara alipandisha bei, lakini mwalimu alilipwa mwisho wa mwezi kwa karatasi iliyokwisha kupungua nguvu njiani. Mwaka 1941 serikali yenyewe ilianza kutoza kodi ya ardhi kwa nafaka badala ya noti zake, na watumishi wake na walimu wakapewa mgawo wa mchele. Huko Kunming, mahali vyuo vikuu vilivyokimbia vita vilipofungua chuo cha pamoja, mshairi na profesa Wen Yiduo alikuwa na watoto watano wa kulisha. Mwaka 1944 alianza kuchonga mihuri kwa malipo, usiku baada ya kufundisha. Mwanachuo anayesoma makala haya huku akihesabu posho yake hatahitaji maelezo zaidi.

Baada ya Japani kushindwa, vita vya ndani viliongeza kasi. Tarehe 19 Agosti 1948 serikali ilitangaza fedha mpya, yuan ya dhahabu, na kuamuru kwamba fabi 3,000,000 zibadilishwe kwa yuan 1 mpya. Nne kati ya hizo zilihesabiwa kuwa dola moja ya Marekani. Wananchi walitakiwa kusalimisha dhahabu, fedha na fedha za kigeni walizokuwa nazo. Wengi wa watu wa kati mijini walitii. Serikali iliahidi kutozidisha yuan milioni 2,000. Ahadi hiyo iliondolewa Novemba mwaka huohuo. Desemba, mpiga picha Henri Cartier-Bresson alikuwa Shanghai, akaupiga picha umati uliobanana ukutani mwa benki ukijaribu kupata dhahabu kidogo. Mwalimu akiipata picha hiyo katika kitabu, aionyeshe kabla ya noti, isiwe baada yake.

Kufikia Julai 1949 ikaletwa yuan ya fedha, moja kwa yuan za dhahabu 500,000,000. Wanafunzi wa darasa la saba wafanye hesabu: yuan moja ya fedha ilikuwa sawa na fabi ngapi za zamani? Ni 500,000,000 mara 3,000,000, yaani 1,500,000,000,000,000. Kadhalika, Benki ya Mkoa wa Xinjiang ilitoa mwaka 1949 noti ya yuan 6,000,000,000, ambayo juu yake imeandikwa kuwa ni sawa na yuan za dhahabu 10,000. Waulizwe yuan moja ya dhahabu ilikuwa na ngapi za Xinjiang. Jibu ni 600,000, na kulipata kwahitaji kufuta sifuri tu, zoezi jepesi kuliko lionekanavyo.

Ile namba 3,000,000 ilitushtua tulipoitazama tena. Mwezi Oktoba 1993 serikali ya Zaire ilitoa zaire mpya, na kiwango cha kubadilishia kilikuwa zaire za zamani 3,000,000 kwa moja mpya. Namba ileile, bara jingine, miaka arobaini na mitano baadaye. Januari ya mwaka huohuo noti ya zaire 5,000,000 ilikuwa imekataliwa na wafanyabiashara wa Kinshasa, na askari waliolipwa kwayo wakaasi.

Kutunza

Noti isigundishwe kwa gundi wala kubandikwa utepe, na isipitishwe kwenye mashine ya kufunika kwa plastiki, maana haitatoka tena. Isioshwe, uchafu wa mikono ni sehemu ya ushahidi. Mifuko ya plastiki laini inayonuka hutoa mafuta yanayoiharibu karatasi, kwa hiyo bahasha ya karatasi safi ndani ya kitabu kizito yafaa zaidi. Pwani adui ni unyevu, bara ni mchwa na mende. Kila bahasha iandikwe kwa penseli: noti gani, ilipatikana lini, kwa nani, kwa bei gani. Mkusanyiko usio na maandishi hayo ni rundo la karatasi.

Kuhusu noti za bandia, kioo cha kukuzia chatosha mwanzoni. Noti nyingi zilizochapwa London au New York zina mistari myembamba iliyoinuka, inayohisika hata kwa ukucha. Nakala za siku hizi huwa na vitone vidogo vya rangi. Hata hivyo ziko bandia zilizo sehemu ya historia yenyewe, kwani jeshi la Japani lilikuwa na taasisi huko Noborito iliyotengeneza fabi za uongo ili kuivuruga China. Shule isiyo na noti hata moja itumie michoro mikubwa kwenye karatasi ya manila. Noti zinazotumika sasa nchini kwetu zisinakiliwe kwa ajili ya somo. Hilo ni suala la sheria.

Somo la pili

Mwaka uliofuata tulirudi katika shule ileile. Hatukuonyesha noti yoyote kwa dakika ishirini za kwanza. Kila kikundi kilipewa punje 100 za maharage kuwa mshahara wa mwalimu wa Kunming, na ubaoni tukaandika bei ya kikapu cha mchele: 10. Wakanunua, wakaandika katika daftari. Mshahara wa mwezi wa pili ukaja, punje 100 zilezile, na bei ikawa 25. Mwezi wa tatu 60. Wa nne 100. Kikundi kimoja kilikuwa kimeweka akiba ya punje 80 tangu mwezi wa kwanza, nao walitazama ubao kimya. Mwezi wa tano bei ilipoandikwa 180, mvulana mmoja aliuliza kama wangeweza kulipwa mchele. Ndipo tulipozitoa noti.

Yule msichana alikuwa darasa la saba wakati huo. Kwa kupitia mwalimu mkuu tulikuwa tumempelekea bibi yake salamu na ombi. Hakuja, lakini alituma noti moja ya zaire 1,000,000 ndani ya kitambaa, na maneno kwamba ni malipo ya ndagala alizouza Uvira, na kwamba irudi kabla ya jua kuzama. Msichana aliieleza mwenyewe mbele ya darasa, kwa dakika tatu hivi. Tuliiandikia stakabadhi, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, na saa kumi na moja jioni tukaipeleka.